SOMO: KIKAO CHA BASEL NA ARDHI YA WENGINE

Soma kwanza: 1 Wafalme 21:1–16; Mithali 18:17

Katika darasa letu la Biblia hapa Temeke, habari za Israeli zikitajwa, sauti hupanda. Hivi karibuni tuliwanyamazisha wenzetu wawili, na juma lililofuata hawakuja. Basi tumeona vema tujifunze jinsi Wayahudi wenyewe walivyobishana zamani, tena juu ya nchi ya Afrika Mashariki.

Mwezi wa Aprili 1903 Wayahudi wengi waliuawa katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya Urusi. Mwaka huo huo Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayoni, shauri la kuwapatia Wayahudi makao huku kwetu. Mpango uliitwa wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya, upande wa Eldoret.

Agosti 1903 Herzl alileta shauri hilo katika mkutano wa Basel, Uswisi. Hoja ilikuwa kupeleka wakaguzi tu. Waliokubali walikuwa 295, waliokataa 178. Waliokubali waliona kwamba mtu anayekimbia kifo hachagui mlango. Waliokataa waliona kwamba kwao ni Sayuni, si kwingine. Ajabu ni kwamba wajumbe wa Kishinev walikuwa miongoni mwa waliokataa. Wajumbe wengi wa Urusi walitoka ukumbini, wengine wakilia kama wafiwa.

Tuangalie mambo matatu.

Kwanza, anayekataa si adui. Herzl aliwafuata waliotoka, akasema nao, wakarudi kikaoni.

Pili, hasira isiyotulizwa huzaa damu. Desemba 1903, huko Paris, kijana mmoja alimpiga risasi Max Nordau, msaidizi wa Herzl, kwa sababu ya jambo hilo. Kwa bahati alimkosa.

Tatu, nalo ndilo zito: wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1905 mkutano uliukataa mpango huo. Mwaka huo huo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza kwa kupinga utawala wao. Mwaka 1908 Makaburu wakaletwa Uasin Gishu. Hata Ahabu alianza kwa kumwomba Nabothi shamba lake, hawa hawakuomba.

Ndugu wapendwa, tunapojadili habari za Israeli na Wapalestina, au za kiwanja na njia hapa mtaani, tusihesabu mikono tu. Tuulize ni nani hayumo chumbani, ambaye jambo hili litamwangukia. Nasi wa darasa tumekubaliana kwenda kuwapigia hodi wale wenzetu wawili, si kuwashinda kwa maneno, bali kuwasikiliza.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini Nabothi alikataa, ingawa aliahidiwa malipo mema?
2. Je, yuko mtu uliyemnyamazisha nyumbani au kanisani? Utamwendea lini?