Goti Linapouma Katikati ya Mashindano

Huko Sweden mwezi Julai hufanyika O-Ringen, mashindano yaliyoanza mwaka 1965: hatua tano za kukimbia msituni kwa ramani na dira, katika wiki moja. Je, mkimbiaji akianza kuumwa goti siku ya pili, aendelee?

Maumivu ya mbele, kuzunguka pia ya goti, yanayozidi anapoteremka, mara nyingi hutokana na kuongeza mbio ghafla kuliko misuli ya paja ilivyozoea. Huyo si lazima alale kitandani. Apunguze mwendo, miteremko aitembee, jioni aweke kitambaa cha maji baridi. Maumivu yakizidi kila asubuhi, aache, hata kama ameshalipa kiingilio. Asimeze dawa ya maumivu ili tu akimbie (wengi hufanya hivyo!), maana maumivu ndiyo yanayomwonya.

Goti likivimba, likikwama au likilegea ghafla, aache siku hiyo hiyo. Likiwa la moto pamoja na homa, aende hospitali bila kungoja kesho. Na mtoto anayechechemea akilalamikia goti, apimwe nyonga pia: ugonjwa wa nyonga huweza kusikika gotini.