MSIMAMIZI WA MTU MZIMA ASIYEJIWEZA: Somo kutoka kwa Siba na Mefiboshethi

Maandiko ya kusoma: 2 Samweli 4:4, 9:1-13, 16:1-4, 19:24-30, Matendo 6:1-6



Somo letu la mwezi huu linawahusu watu ambao hatuwaoni sana ibadani: mama mjane ambaye macho yamefifia, baba aliyepooza upande mmoja, dada aliyeugua akili tangu vita, kijana mkubwa ambaye hajawahi kusema neno. Hawa si watoto. Ni watu wazima, lakini yako mambo wasiyoyaweza peke yao: kupanga mstari siku ya mgao, kutunza kadi, kufuata dawa, kujibu maswali ya ofisini. Kwa hiyo yuko mtu anayewafanyia. Mara nyingi ni jirani, na mara nyingi ni mtu wa kanisa letu. Tujifunze kazi ya mtu huyo, kwa maana ni kazi takatifu, na pia ni kazi yenye mtego.

1. MTU ALIYEUMIA KATIKA KUKIMBIA

Mefiboshethi alikuwa mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha baba yake na babu yake zilipofika. Yaya wake alimbeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Wako kati yetu walioumia vivyo hivyo, si kwa risasi, bali kwa mbio za usiku.

Alikaa ugenini, Lo-debari, katika nyumba ya Makiri. Daudi alipomtafuta, alimkuta mtu mzima mwenye mtoto wake mwenyewe, Mika. Daudi akamrudishia mashamba yote ya Sauli na kumpa nafasi mezani pake. Kwa kuwa Mefiboshethi hakuweza kulima, Daudi aliweka msimamizi: Siba, mwenye wana kumi na watano na watumwa ishirini. Mpango ulikuwa mzuri. Mali ni ya Mefiboshethi, kazi ni ya Siba.

2. SIBA ALIPOSEMA KWA NIABA YA BWANA WAKE

Wakati wa uasi wa Absalomu, Daudi alikimbia Yerusalemu. Siba akamfuata njiani na punda, mikate mia mbili, zabibu na divai. Mfalme alipouliza Mefiboshethi yuko wapi, Siba alisema amebaki mjini akitumaini kupewa ufalme. Palepale Daudi akampa Siba mali yote.

Baadaye Mefiboshethi mwenyewe anakuja, miguu haijatunzwa, ndevu hazijakatwa, nguo hazijafuliwa tangu siku mfalme alipoondoka. Anasema alitaka kupanda punda amfuate mfalme, lakini mtumishi wake alimdanganya na kumsingizia. Daudi hafanyi uchunguzi. Anaamuru wagawane mashamba.

Biblia haituambii waziwazi nani alisema kweli, lakini angalieni jinsi mambo yalivyokwenda. Siba ndiye mwenye punda. Siba ndiye mwenye miguu. Siba ndiye anayejulikana njiani na mwenye zawadi mkononi. Maneno yake yalifika kwanza, nayo yakaaminiwa. Kosa la Daudi lilikuwa hili: aliamua mambo ya mtu mzima kwa kumsikiliza msimamizi wake peke yake.

Je, si hivyo hata kwetu? Tukitaka kujua habari za yule mzee kipofu, tunamwuliza anayemtunza. Akisema, "Yupo salama," tunaandika kwamba yupo salama.

3. KAZI HII MAHALI PENYE SHERIA

Huko Marekani, ambako ndugu zetu wengi wamehamishiwa, kuna ofisi za umma kwa kazi hii. Mahakama ikiona kwamba mtu mzima hawezi kuamua mambo yake, wala hana ndugu wa kufaa, inaweza kumweka chini ya msimamizi wa umma. Mfanyakazi wa ofisi hiyo hulipa kodi ya nyumba ya mtu huyo, humwombea misaada ya serikali, huzungumza na madaktari, na hutoa taarifa mahakamani, kwa kawaida kila mwaka. Kanuni za chama cha kitaifa cha wasimamizi zinataka mtu atembelewe angalau mara moja kwa mwezi. Watafiti wa kazi hiyo walipendekeza mfanyakazi mmoja asishike watu zaidi ya 20, maana akizidisha, anabaki kusimamia mafaili na si watu.

Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2005 inafundisha jambo lingine: mtu mzima ahesabiwe kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitike kwamba hawezi. Tena, asihesabiwe hawezi kwa sababu tu uamuzi wake si wa busara machoni petu. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika kifungu cha 12, unasema watu hawa wana haki sawa mbele ya sheria, wasaidiwe kuamua, na wawekewe ulinzi dhidi ya wanaowatumia vibaya. Uganda iliuthibitisha mkataba huo mwaka 2008, na Kongo yetu ilijiunga nao mwaka 2015.

Kwetu kambini majaribu yana sura yake. Mwaka 2023 WFP ilianza kuwapanga wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu. Walio dhaifu zaidi walipewa zaidi, na kundi la tatu halikupewa chakula. Basi ikawezekana jirani mwenye nguvu kukosa kabisa, huku akimchukulia asiyejiweza mgao wake. Tusijidanganye: hapo ndipo Siba anazaliwa, hata katika mtu anayeomba kila asubuhi.

4. KOSA LANGU MWENYEWE

Sitaki kufundisha kama mtu asiyeguswa. Miaka michache iliyopita niliandikishwa kumchukulia mgao mama mmoja mzee, mpweke, ambaye miguu ilikuwa imemshinda. Mbele za Mungu, sikula hata kikombe kimoja cha mahindi yake. Lakini mwezi mmoja niliuza sehemu ya mahindi hayo nikamnunulia blanketi, kwa sababu nililiona la kwake limechakaa. Nilimpelekea nikitazamia baraka.

Akaniuliza, "Pasta, nani alikuambia nasikia baridi?"

Kumbe yeye alikuwa anaweka akiba ya mahindi apate kumlipa fundi amtengenezee mlango. Nyumba yake ilifungwa kwa turubai tu. Kule kwao walivamiwa usiku, na tangu hapo hawezi kulala mahali pasipofungika. Nilikuwa nimemhudumia miezi saba, naye miezi saba hajalala vizuri, na mimi sikujua, kwa maana sikumwuliza. Lile blanketi alimpa mtoto wa jirani. Mlango ulichelewa mwezi mzima kwa ajili ya wema wangu.

Siku ile nilielewa kwa nini Bwana Yesu alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Kila mtu aliona kwamba yule ni kipofu. Lakini Yesu alimwacha aseme mwenyewe.

5. MAMBO YA KUSHIKA

a) Uliza kabla ya kutenda. Asiyesema anaweza kuonyesha. Aliyechanganyikiwa leo anaweza kuwa na akili timamu kesho asubuhi. Ngoja, umwulize tena.

b) Usiwe peke yako. Mitume waliwaagiza waamini wachague watu saba wenye sifa njema wakati wajane walipokuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Kwa kila mtu wetu wawepo wawili, wasiotoka nyumba moja.

c) Andika. Daftari dogo lina faida kuliko maneno mengi: tarehe, kilichopokelewa, kilichotumika, kwa ajili ya nini. Paulo naye alijihadhari asilaumiwe katika habari za fedha (2 Wakorintho 8:20-21).

d) Usichanganye. Mahindi yake yasiingie katika gunia lako, hata kama unapika chungu kimoja. Kwanza yahesabiwe mbele yake.

e) Mtembelee siku isiyo ya mgao. Mtu anayeonekana siku ya chakula tu anajulikana anafuata nini.

f) Jua mpaka wako. Kuandikishwa kumchukulia mtu chakula ni ruhusa ya chakula tu. Hakukupi haki ya kuweka dole gumba kwa niaba yake katika mambo ya matibabu, shamba, ndoa au kuhamishiwa nchi nyingine. Barua ya kanisa si amri ya mahakama. Jambo kubwa likija, mpeleke mwenyewe ofisini, au uwaombe wahusika wa ulinzi wamfikie nyumbani.

g) Usinyamaze. Ukiona kadi ya mtu imeshikwa na mwingine naye analala njaa, mwambie mzee wa kanisa au kiongozi wa blok, na ikibidi ofisi yenyewe. Lakini kwanza ingia umsikilize mwenye kadi, yeye peke yake, bila anayemtunza kuwa mlangoni.

Petro aliambiwa kwamba akiwa mzee atanyosha mikono yake na mwingine atamfunga (Yohana 21:18). Sisi sote tunaoshika kadi za wengine leo, iko siku mwingine atashika zetu. Tuwafundishe watoto wetu kwa macho yao jinsi ya kuzishika.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Daudi angefanya nini kabla ya kumpa Siba mashamba?
2. Katika blok yetu, nani anasemewa na mtu mwingine siku zote? Ni lini mara ya mwisho alizungumza mwenyewe na mmoja wetu?
3. Je, umewahi kumtendea mtu jema ambalo hakulitaka? Ulijuaje?
4. Tuchague wawili-wawili wa kuwatembelea watu hao juma hili, siku isiyo ya mgao.

Bwana atupe mikono safi na masikio yanayosikia. Amina.