Tumfukuze au Tumrudishe? Somo juu ya Vijana, Ulevi na Makundi ya Uhalifu



Jioni moja mjini Mpanda, baada ya darasa la baina ya Magharibi na Isha, mama mmoja ambaye alikuwa bado mgeni katika Uislamu alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akasema: "Mwalimu, mwanangu ana miaka 17. Anavuta bangi, na usiku hutembea na kundi linalopora watu kwa mapanga. Shemeji zangu waniambia nimfukuze kabla hajaniletea msiba nyumbani. Dini yasemaje?"

Swali hili si la mama huyu peke yake. Basi jibu nililompa ndilo somo letu la leo.

1. Ulevi na uadui ni ndugu

Wako vijana wasemao: "Kurani imekataza pombe, bangi haikutajwa." Hii ni hoja dhaifu. Neno la Kiarabu khamr lina asili ya kufunika, yaani kitu kifunikacho akili, na Mtume Mtukufu (s.a.w.) ameeleza wazi kwamba kila kilevyacho ni khamr, na kila kilevyacho ni haramu. Kwa hiyo bangi, heroini na gongo vyote vimo.

Tena tazama hekima ya Sura Al-Maidah, aya za 91 na 92. Mwenyezi Mungu hakukataza tu, bali ametaja sababu: Shetani hutumia ulevi na kamari kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia na kumkumbuka Mungu na kusali. Hivyo ulevi na ugomvi vimetajwa mahali pamoja. Kijana aliyezoea dawa huhitaji fedha kila siku. Akikosa kazi huiba. Na ili aibe bila hofu hutafuta wenziwe. Ndivyo msokoto mmoja unavyoweza kuishia kwenye panga.

2. Kwa nini kundi humvuta kijana

Mpanda ni mji uliokuzwa na wageni. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa huko zamani za ukoloni kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Hata leo watu hufika kutafuta dhahabu, kulima mpunga na tumbaku, na kufanya biashara katika mji ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Vijana wengi hukua mbali na babu, wajomba na mashangazi ambao zamani wangewakanya. Kundi huja kukaa mahali pa ukoo: humpa kijana jina, humpa chakula, humlinda. Asiyefahamu jambo hili atashangaa kwa nini viboko peke yake havimwondoi humo.

Mfano tunao Dar es Salaam. Mwezi Januari 2015 kundi liitwalo Panya Road lilitia hofu kubwa jijini, na polisi wakakamata vijana wengi. Lakini Septemba 2022 jina lile lile likarudi, na damu ikamwagika. Bila shaka dola ina wajibu wa kukamata wahalifu. Lakini ukifyeka magugu na kuacha mizizi, mvua ijayo yatachipua.

3. Namna Madina ilivyoacha pombe

Waarabu walikuwa walevi mashuhuri. Katazo halikushuka siku moja. Kwanza waliambiwa kwamba madhara ya pombe yanazidi faida yake. Kisha wasiikaribie Sala hali wamelewa. Mwishowe ikakatazwa kabisa. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba lau katazo la pombe lingetangulia kabla mioyo haijatulia katika imani, watu wangekataa kuiacha. Lakini ilipotangazwa, Anas bin Malik, aliyekuwa akiwagawia wageni katika nyumba ya Abu Talha, aliamriwa kuimwaga papo hapo, na pombe ikatiririka katika vichochoro vya Madina.

Hata hivyo hawakufaulu wote kwa mara moja. Alikuwako mtu mmoja, Abdullah, aliyemchekesha Mtume (s.a.w.), naye aliletwa kuadhibiwa kwa ulevi zaidi ya mara moja. Mtu mmoja akamlaani. Mtume (s.a.w.) akamkataza, akashuhudia kwamba mlevi yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Fikirini, ndugu zangu! Adhabu ilibaki, na undugu ulibaki. Hakuambiwa kwamba kosa lake si kosa; wala hakuambiwa kwamba yeye si mwenzao.

4. La kufanya

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kumsaidia ndugu yetu, awe mwenye kudhulumiwa au mwenye kudhulumu, na msaada kwa dhalimu ni kuuzuia mkono wake. Kwa msingi huo nilimwambia mama yule mambo manne.

Kwanza, asimfukuze, lakini silaha na mali ya wizi visivuke kizingiti chake. Pili, ikiwa kijana amemjeruhi mtu, wazee wamfikishe polisi wenyewe, wala asiachwe mikononi mwa watu wenye hasira. Kumpiga mtuhumiwa mpaka afe ni kuua, hata kama wapigaji ni mia. Tatu, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Aliyezoea heroini hupatwa na arosto, maumivu makali ya mwili anapoikosa, na kumwambia "acha" hakutoshi. Dawa ya methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, kisha katika miji mingine, Mbeya ikiwamo. Bangi haina dawa ya namna hiyo. Yenyewe hutaka ushauri, subira na shughuli.

Nne, na hili ndilo gumu zaidi, sisi tumpe kundi lingine. Fundi mmoja wa useremala katika jamaa yetu alikubali kumchukua karakanani. Wazee wawili waliahidi kumpitia kila jioni waende naye msikitini. Wengine walinung'unika: "Atatuibia viatu." Nikawauliza: "Je, viatu vyenu ni ghali kuliko roho yake?"

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka yote. Mara mbili alirudi kwa wenziwe wa zamani, na mara mbili wazee wakamfuata. Nilipoondoka Mpanda alikuwa akipiga randa, na mama yake alikuwa akilala usiku.

Basi, ndugu msomaji, katika mtaa wako yumo kijana ambaye watu wamekwisha mkatia tamaa. Kundi lake linajua jina lake. Je, wewe walijua?

Mwenyezi Mungu atujalie nguvu ya kuuzuia uovu na huruma ya kumrudisha mwovu. Amin.