Taasisi ya Kuchunguza Magonjwa: Ilivyoanza na Inavyofanya Kazi

Mtu akija mlangoni pako na daftari na vichupa, akaomba tone la damu, utamjibuje? Wengine hukubali kwa hofu, wakidhani ni amri ya serikali. Wengine hufunga mlango, wakidhani damu yao itauzwa. Wote wawili wanaongozwa na kutojua. Basi mwezi huu na tujifunze habari za Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

1. Asili yake. Sisi wa Ushetu twajua habari za mbung'o, ambao wengi huwaita ndorobo. Waliua ng'ombe, na huko misituni watu wakapatwa na malale. Katika miaka ya 1920 watu wa Shinyanga walifyeka vichaka kwa mikono yao ili mbung'o wakose kivuli. Idara ya kuchunguza mbung'o ilikuwa papo hapo Shinyanga, na mkuu wake, Charles Swynnerton, alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Tangu zamani, basi, uchunguzi wa magonjwa ulikuwa kazi ya wataalamu na ya wanakijiji pamoja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kenya, Uganda na Tanganyika zilishirikiana katika kazi hiyo. Malale yalichunguzwa Tororo katika Uganda, malaria Amani, na magonjwa mengine Mwanza. Tangu mwaka 1967 vituo hivyo vilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ile ilivunjika, na kila nchi ikabaki na vituo vilivyokuwa ndani ya mipaka yake. Mbu hakungoja nchi zipatane. Kwa sababu hiyo Bunge la Tanzania lilitunga sheria namba 23 ya mwaka 1979, nayo ikaunda Taasisi hii.

2. Mpango wake. Taasisi iko chini ya wizara ya afya. Inalo Baraza la kuisimamia, na Mkurugenzi Mkuu wa kuiongoza. Inavyo vituo katika sehemu mbalimbali, kama Amani, Tanga, Tukuyu, Mbeya, Muhimbili, Tabora na Mwanza. Viwili hivi vya mwisho ndivyo vilivyo upande wetu. Kazi yake ni kuchunguza magonjwa na dawa, hata dawa za asili, kuratibu uchunguzi wa wengine, na kutangaza yaliyopatikana. Taasisi hutafuta, wizara huamua, nayo zahanati hutenda.

3. Mfano mmoja. Tangu mwaka 1991 wachunguzi wa Mwanza, pamoja na wenzao, walitaka kujua kama kutibu vema magonjwa ya zinaa kutapunguza maambukizo ya UKIMWI. Siku hizo Geita ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Mwanza. Walichagua jamii 12. Katika 6 waliwafundisha waganga wa zahanati na kuwapelekea dawa za kutosha. Zile 6 nyingine walizipa huduma hiyo baadaye. Watu wazima wapatao 12,000 walifuatwa kwa muda wa miaka miwili. Habari zake zilitangazwa mwaka 1995: pale palipotibiwa vema, maambukizo mapya yalipungua kwa karibu sehemu mbili katika tano. Dunia nzima ilisoma habari hiyo. Lakini ilitoka kwa nani? Kwa wakulima na wavuvi waliokubali kuulizwa mambo ya siri na kutoa damu yao. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

4. Haki yako mlangoni. Mwili wako si mali ya mchunguzi. Uchunguzi wa afya juu ya watu sharti kwanza upate kibali cha maadili, na kazi ya kupima maombi hayo ya taifa iko katika Taasisi hii. Kwa hiyo usione haya kuuliza: Umetumwa na nani? Kibali chako ki wapi? Utachukua nini, na kwa ajili gani? Nani ataliona jina langu? Waweza kukubali, waweza kukataa, na hata ukiisha kukubali waweza kujitoa. Ukikataa, usinyimwe matibabu yako ya kila siku. Mchunguzi mwema hachukizwi na maswali hayo, bali huyajibu kwa lugha unayoielewa.

Basi tusifunge mlango, wala tusiufungue bila kuuliza. Katika nchi yetu ya misitu na machimbo ya dhahabu, ambako wageni huja na kuondoka kila siku, magonjwa nayo husafiri. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini Taasisi iliundwa baada ya mwaka 1977?
2. Kazi ya Taasisi na kazi ya zahanati zatofautianaje?
3. Mchunguzi akija kijijini kwenu, mtamwuliza nini kwanza?