Je, Mkojo Waweza Kufichua Saratani?

Mwanamume akiambiwa kwamba kipimo chake cha damu kiitwacho PSA kimepanda, mara nyingi kinachomtisha zaidi ni sindano. Sindano hiyo huingizwa katika tezi dume mara kumi hivi au zaidi, ili kutoa vipande vidogo vya nyama vikachunguzwe kwa hadubini. Wengi hufanyiwa hivyo na kupatikana hawana saratani, kwa maana PSA hupanda pia tezi inapovimba kwa uzee au inapopata maambukizi.

Ndiyo sababu wataalamu wametafuta njia ya kutambua ni nani hasa anayehitaji sindano. Njia mojawapo inatokana na vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli za mwili.

Vifuko hivi ni nini? Kila seli, iwe nzima au yenye ugonjwa, hutoa vifuko na kuviachilia katika damu, mate au mkojo. Vilivyo vidogo zaidi huitwa eksosomu. Ukivipanga elfu kumi hivi kwa mstari mmoja, urefu wake utakuwa milimita moja tu.

Katika miaka ya 1980, Rose Johnstone wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, aliona kwamba seli changa za damu ya kondoo hutumia vifuko hivi kutupa vitu zisivyovihitaji tena. Kwa muda mrefu wengi wakavihesabu kuwa takataka. Mwaka wa 2007, watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walionyesha kwamba vifuko hubeba pia RNA, yaani maagizo ya seli, na kwamba seli inayovipokea huweza kuyatekeleza maagizo hayo. Kumbe seli zilikuwa zikiandikiana barua!

Saratani nayo huandika barua zake. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba vifuko vya saratani huweza kutangulia hadi kwenye ini au mapafu na kutayarisha mahali ambapo ugonjwa utaota baadaye. Lakini barua hizo hizo humsaidia daktari, kwa kuwa zina alama za seli zilikotoka.

Nchini Marekani kuna kipimo kinachosoma RNA iliyo katika vifuko vya mkojo. Kimekusudiwa wanaume wa miaka 50 na zaidi ambao PSA yao ni kati ya 2 na 10. Mgonjwa hutoa mkojo tu. Katika utafiti wa wanaume 519 uliochapishwa mwaka wa 2016, ilionekana kwamba asilimia 27 ya sindano zingeweza kuepukwa. Hata hivyo, kipimo hicho kingewapita wagonjwa wachache wenye saratani kali. Kwa hivyo kinasaidia kuamua kama sindano inahitajika, lakini kinachothibitisha saratani bado ni kile kipande cha nyama.

Je, vifuko vyaweza kutibu? Hapo tusikimbilie kushangilia. Nchini Ufaransa, wagonjwa 22 wa saratani ya mapafu walipewa vifuko vilivyotengenezwa ili kuamsha kinga ya mwili. Matumaini yalikuwa kwamba angalau nusu yao wangekaa zaidi ya miezi minne bila ugonjwa kuendelea. Waliofikia hapo walikuwa saba. Utafiti mwingine unajaribu kutumia vifuko kama gari la kubebea dawa hadi ndani ya saratani ya kongosho. Hayo yote yangali majaribio.

Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaouza "eksosomu" kwa bei ghali wakidai zinaponya kila kitu. Mnamo Desemba 2019, idara ya FDA inayosimamia dawa Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa jimboni Nebraska kudhurika vibaya kwa bidhaa za namna hiyo. Hakuna dawa ya eksosomu ambayo FDA imeidhinisha. Ukiuziwa moja kuwa tiba ya saratani, shika pesa zako uende hospitali.

Na wewe msomaji uliyefika miaka 50, usiketi ukingojea kipimo cha mkojo kije. Zungumza na daktari kuhusu kupima PSA. Ikiwa baba au ndugu yako aliugua saratani ya tezi dume, anza mapema, kati ya miaka 40 na 45. Ukiamka mara kwa mara usiku kukojoa, mkojo ukitoka kwa shida, au ukiona damu ndani yake, nenda wiki hii. Ukiambiwa unahitaji sindano, kubali: utatiwa ganzi, na maumivu yake ni ya muda mfupi. Saratani hii ikigunduliwa ingali ndani ya tezi, huweza kuponywa. Ikishafika kwenye mifupa, kazi yetu huwa kuituliza tu.