Majivu, Sabuni na Oili Chafu: Je, Dawa za Nyumbani Huokoa Nyasi Zako?

Kiangazi kikizidi Kahawa Sukari, mabaka ya udongo mtupu hutokea kwenye nyasi za uani, na kila jirani huwa na dawa yake. Baadhi ya dawa hizo husaidia. Nyingine hudhuru kuliko mchwa wenyewe.

Maji ya sabuni ni dawa kweli, lakini kwa wadudu wenye mwili laini, kama vidukari wa sukuma wiki na waridi. Sabuni huondoa utando wa nta unaomkinga mdudu, naye hukauka. Sharti imguse, ikishakauka kwenye jani haina nguvu tena. Tia kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, unyunyize chini ya majani jioni. Sabuni ya unga ya kufulia huchoma majani, iache.

Mwarobaini una msingi imara zaidi. Kituo cha icipe, hapa karibu Kasarani, kimeutafiti kwa miaka mingi. Saga gramu 50 za mbegu, loweka usiku kucha katika lita moja ya maji, kisha chuja. Hauui papo hapo: mdudu huacha kula na kukua. Jua huuharibu upesi, kwa hiyo nyunyiza jioni.

Majivu makavu huzuia konokono mpaka mvua ya kwanza, basi.

Mchwa ndio shida kubwa. Ukimwaga oili chafu ya gari au mafuta taa, utaua wafanyakazi wachache tu. Malkia yuko salama chini ya ardhi, akiendelea kutaga. Oili hiyo ina metali nzito, nyasi hazioti tena hapo, na mwenye kisima uani anahatarisha maji anayokunywa. Chumvi vilevile: huua magugu pamoja na nyasi, kisha hubaki udongoni. Afadhali umwagilie, usikate nyasi hadi shinani, na utafute kichuguu chenyewe.

Ukilazimika kununua dawa, usikubali iliyotiwa kwenye chupa ya soda, hata ukiuziwa na mtu unayemjua. Mtoto huiona soda. Sheria ya mwaka 1982 inataka kila dawa ya wadudu iwe imesajiliwa na bodi ya PCPB. Kagua nambari ya usajili kwenye lebo kabla ya kulipa, au umpelekee afisa wa kilimo wa wadi picha ya mdudu kwanza.