Tahadhari kwa Wafugaji wa Mbwa: Sumu Zilizomo Majumbani

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaofuga mbwa wa ulinzi, pamoja na wasasi wa mashamba ambao mbwa wao huwinda nguruwe mwitu wanaoharibu mazao, wanakumbushwa kwamba mnyama huyu hula kwa pupa wala hachagui. Vitu vingi vinavyomdhuru havitoki mbali. Vimo jikoni, ghalani na katika kabati la dawa.

Inayostahili kutangulia ni sumu ya panya, ambayo hutegwa katika pembe za nyumba nyingi za Mji Mkongwe. Aina moja huzuia damu isigande. Mbwa aliyeila huonekana mzima kwa siku tatu, nne au hata tano, na mwenyewe huwa amekwisha kuisahau ile chambo. Kisha mbwa hulegea, ufizi hupauka, na damu hutoka puani au katika choo. Dawa yake ni vitamini K1, ambayo hutolewa kwa wiki kadhaa na hufaa zaidi ikianzwa kabla ya dalili hizo. Kwa hiyo aliyemwona mbwa akila chambo asingoje augue.

Aina nyingine ni unga wa kijivu uliokoza, uitwao fosfidi ya zinki. Ukikutana na tindikali ya tumboni hutoa gesi inayoweza kuua kwa muda wa saa chache. Mbwa huyo asipewe chakula, kwani chakula huzidisha gesi. Na akitapika, watu wajiepushe na matapishi yake, maana gesi hiyo huwadhuru binadamu pia.

Kuhusu jikoni, mazoea ya kumwagia mbwa mabaki ya biriani si wema kama yanavyodhaniwa. Vitunguu maji na vitunguu saumu, viwe vibichi au vya kukaanga, huvunja chembe nyekundu za damu yake. Zabibu kavu huweza kuharibu figo. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani waliandika habari za mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju, wakaeleza kuwa inayoshukiwa ni asidi ya tatariki, iliyomo katika ukwaju na zabibu pia. Basi makapi ya ukwaju wa urojo yafunikwe. Chokoleti, kahawa, kungumanga nyingi na mafuta ya karafuu ya chupa navyo ni vya kuepushwa. Wenye paka wajue kuwa tembe moja ya parasetamoli inaweza kumuua paka.

Lipo jambo zito zaidi. Dawa za kuulia wadudu wa mimea na wa majumbani, baadhi yake, humfanya mbwa atokwe na mate mengi, atetemeke, apepesuke na kupatwa na kifafa. Dalili hizi hufanana na za kichaa cha mbwa. Kosa la kwanza ni kumpiga hadi kufa mbwa aliyekula sumu, ambaye pengine angetibika. Kosa la pili, ambalo ni la hatari kubwa zaidi, ni kumdhania mbwa mwenye kichaa kuwa amekula sumu, ukamfumbua kinywa kwa mikono mitupu ili kumnywesha maziwa. Kichaa kikishadhihiri kwa binadamu huwa karibu hakina tiba. Mbwa yeyote anayetokwa na mate asiguswe kinywani. Afungiwe peke yake, watoto waondolewe, na bwana mifugo aitwe. Aliyeumwa, au mate yakaingia katika jeraha lake, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Mbwa aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwani mafuta huingia mapafuni. Maji ya chumvi, ambayo wengine huyatumia kutapisha, nayo ni sumu yakizidi.

Anayempeleka mnyama kwa daktari wa mifugo achukue pakiti au chupa ya sumu yenyewe, aeleze ililiwa saa ngapi na kiasi gani, na akadirie uzito wa mnyama. Chambo kilichobaki kisitupwe jaani, ambako mbwa wengine, kuku na watoto hupita. Kifungwe vizuri na kuwekwa mahali pasipofikiwa, hadi bwana mifugo aelekeze namna ya kukiteketeza.